Bi Nicla na Madirisha ya Kuchorwa

Tangu mwezi wa kwanza Bi Nicla Pittaluga alikuwa akitembelewa na wanawake wenye miavuli. Walikuja asubuhi, wadogo, urefu wao si zaidi ya chupa ya siki, wamevaa magauni marefu ya kizamani, wakapita kwa mstari juu ya meza yake ya jikoni kutoka kwenye bakuli la sukari hadi kwenye birika la kahawa. Hawakumtazama wala hawakusema neno. Mara ya kwanza alijipiga ishara ya msalaba. Mara ya pili akawauliza wanatafuta nini. Kwaresima ilipoingia alikwisha kuwazoea, na siku wasipokuja kahawa haikumshuka vizuri.

Kichwa chake kilikuwa kizima, msije mkamdhania vingine. Daktari wa macho, kijana mpole mwenye mikono ya baridi, alimweleza yote. Sehemu ya katikati ya macho yake ilikuwa inakufa polepole, na pembeni palibaki pazima. Akimtazama mtu aliyaona masikio na mabega, lakini mahali pa uso palikaa ukungu. Na ndani ya ukungu ule ndimo walimopita wale wanawake.

"Ubongo hauvumilii ukuta mtupu, Bi Nicla," daktari alisema. "Ukikosa dirisha, unajichorea."

Bi Nicla alicheka mpaka yule kijana akaingiwa na wasiwasi. Kumbe hakujua anazungumza na nani. Genova ni mji wa madirisha ya kuchorwa. Zamani, mwenye nyumba akishindwa na gharama za mawe ya kuchonga, alimwita mchoraji, naye akamchorea dirisha ukutani, na vioo vyake, na kivuli chake, na pazia lililoachwa nusu, pengine na paka amelala kizingitini. Ukiwa chini barabarani unaweza kuapa kwamba sasa hivi mtu atachungulia. Na Bi Nicla kwa miaka thelathini na minne alikula mkate kutokana na madirisha hayo, maana kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni mjini.

Kwa hiyo aliyoambiwa na daktari aliyafungia moyoni, akatupa ufunguo. Mtembeza wageni asiyeona atatembeza nini? Wakijua ofisini watamshukuru kwa maneno matamu na kumkalisha nyumbani. Njaa hakuiogopa, aliyonayo yalimtosha mjane asiye na mtoto. Aliogopa nyumba. Ilikuwa ghorofa ya nne, na dirisha lake moja la maana lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa kwa ufagio. Akiwekwa humo, alijua, atakwisha kabla ya Krismasi.

Alizaliwa hapo hapo mjini, katika vichochoro vya Maddalena ambamo jua huingia dakika kumi kwa siku na kuomba radhi. Baba alikuwa mpagazi wa bandarini, mama alipiga pasi vitambaa vya altare. Yeye mwenyewe aliuza viatu mpaka alipotimiza miaka thelathini na miwili. Lakini duka lilikuwa kwenye njia panda, na kila saa mgeni aliyepotea aliingia kuuliza kanisa kuu liko wapi. Vichochoro vile havielezeki kwa mdomo. Nicla aliacha kiatu kimoja mkononi mwa mteja, akampeleka mgeni. Siku moja alirudi baada ya saa mbili na nusu, akamkuta tajiri wake mlangoni amekunja mikono.

"Nenda basi ukawatembeze," akamwambia. "Maana viatu vyangu wewe huviuzi, unavimaliza tu."

Ndivyo alivyoipata kazi yake. Mumewe Tomaso alikuwa mpishi kwenye meli za Sardinia, siku tatu nyumbani na siku nne majini, na ndoa ya namna hiyo haichoshi. Alipofariki, miaka sita iliyopita, Bi Nicla alikaa ndani siku tisa. Siku ya kumi alivaa viatu akaenda kupokea kundi la Waholanzi, na hakuna siku aliyojutia kuvaa viatu vile.

Tangu macho yaanze kumsaliti alitembea kwa miguu yenyewe, kama mtu anayekwenda jikoni kwake gizani. Alijua pale mawe meusi yanapoanza kuteleza, pale harufu ya mkate wa mafuta inapokutana na harufu ya mkojo wa paka, pale ngazi zinapokuwa kumi na saba na si kumi na sita. Mji ulikuwa unayeyuka mbele yake, na mahali pa kila kilichoyeyuka paliingia kitu cha ndoto: maua yanayopanda ukutani, wapanda farasi kwenye paa, mara moja kundi zima la watoto wa kwaya wakielea juu ya chemchemi. Wakati mwingine, Mungu amsamehe, aliona mji umekuwa mzuri kuliko zamani.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa nne alipokea wageni kumi na wanne kutoka Bergamo, wastaafu wa reli, watu wa milimani. Waliomsalimu kwa sauti walikuwa wawili: mzee mrefu aitwaye Gaudenzio, aliyeendesha treni miaka arobaini, na mama mnene aitwaye Teresina, aliyelinda kivuko cha reli na bado alizungumza kana kwamba treni inapita.

Aliwaanzia San Lorenzo, kanisa kuu la mawe meupe na meusi.

"Mbona lina milia?" Teresina akapaza sauti.

"Wajenzi hawakukubaliana rangi, mama," Bi Nicla akajibu. "Sisi Wagenova hatujakubaliana jambo mpaka leo."

Wakacheka, na kicheko kikampa nguvu. Akawapitisha vichochoroni mpaka kwenye kiwanja kidogo nyuma ya soko la kale, mbele ya nyumba ya rangi ya waridi iliyochakaa. Hapo palikuwa na mchezo wake wa miaka yote. Aliwaacha wageni wabishane ni dirisha lipi la kweli na lipi la kuchorwa, wapigiane kelele, wakasirikiane kidogo, kisha yeye atoe hukumu.

"Haya, mmeshindwa nyote," akasema, mgongo kwa nyumba, kidole juu ya bega. "Ghorofa ya pili, la tatu kutoka kushoto. Tazameni lile pazia lililokaa nusu. Lilichorwa kabla babu yangu hajazaliwa. Halijapata kufunguliwa, na halitafunguliwa mpaka siku ya kiama."

Pakasikika mlio wa bawaba. Dirisha la tatu la ghorofa ya pili likafunguka kwa vishindo, na mzee mwenye fulana akatoa kichwa.

"Lipi halitafunguliwa?" akanguruma. "Nimekula vumbi la mafundi mwezi mzima wakinitobolea dirisha la kweli hapa ili nipate upepo kidogo, halafu kuna mtu chini ananiambia mimi ni rangi!"

Watu wa Bergamo wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Gaudenzio alimpigia mzee mluzi. "Hii mmeipanga vizuri, bibi! Unampa nini huyu babu?"

Mzee akainama zaidi. "We! Si Nicla wa marehemu Tomaso? Kila siku unapita hapa. Yale majukwaa ya mafundi yalikufungia njia wiki tatu, hukuyaona?"

Aliyaona. Hapo ndipo alipotambua. Aliziona nguzo na mbao, tena akazikwepa kwa adabu, akajisemea kimoyomoyo: haya, leo mmekuja na nyinyi. Alizihesabu pamoja na wapanda farasi na watoto wa kwaya. Kitu cha kweli kilisimama mbele yake wiki tatu, naye akakipita kama ndoto.

"Niliyaona, babu," akamjibu. "Nakutania tu." Akawainamia wageni kama mwigizaji, nao wakazidi kupiga makofi. Alijikaza kisabuni mpaka wakatoka kiwanjani. Alikuwa anaona haya, na chini ya haya palikuwa na hofu.

Saa sita, kama kawaida, aliwafikisha Sottoripa, chini ya matao yanayotazama bandari, kwenye kijiduka cha vya kukaanga cha Iolanda Traverso. Iolanda na Nicla walisoma darasa moja kwa masista, wakachapwa kwa rula moja. Tangu Bi Nicla aanze kazi yake, wageni walipata dagaa wa kukaanga katika karatasi, na mwenyewe alipata kipande cha farinata, ule mkate bapa wa unga wa dengu unaotoka kwenye oveni ya kuni.

Hapa lazima niseme jambo moja juu ya Wagenova, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Kunung'unika kwao si hasira, ni haki. Wanasimulia kwamba zamani baharia wa Genova akiandikwa kazini aliulizwa: na manung'uniko au bila? Aliyetaka ruhusa ya kunung'unika njiani alikatwa mshahara. Na wengi, wanasema, walichukua kidogo wakabaki na midomo yao. Mimi nimeishi nao muda mrefu na ninaamini kila neno. Mgenova akikusifia chakula moja kwa moja, ama anakuaga, ama anaumwa.

Farinata ya Iolanda, basi, ilikuwa imenung'unikiwa na Nicla miaka yote hiyo: leo imeungua, leo mbichi, leo umeikaanga au umeiogesha, chumvi umemwachia nani. Siku ile Bi Nicla alichukua kipande chake, akatafuna, akasema, "Nzuri. Asante."

Iolanda akaweka chini sepetu ya oveni.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Hii farinata imeungua. Nimeiunguza mwenyewe, nilikuwa nagombana na mtu wa kuni. Ni nyeusi kama kofia ya padri, na wewe unaniambia nzuri?" Akazunguka meza, akamshika Nicla kiwiko, akamvuta nyuma ya pazia la shanga, penye magunia ya unga. "Nitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama sikio langu. Tangu Noeli unazungumza na sikio langu, nikadhani umeanza maringo." Iolanda akainua mkono mbele ya uso wake. "Nimeshika nini hapa?"

Bi Nicla aliona kitu chenye kung'aa, kimechanua, chekundu, kizuri sana. "Sepetu," akasema, kwa kuwa ndicho kitu alichokizoea mkononi mwa Iolanda.

"Ni mkono, Nicla. Mkono wangu mtupu."

Upande wa pili mafuta yalikuwa yakichemka. Kisha Bi Nicla akamweleza yote, ukungu, daktari, wanawake wenye miavuli, majukwaa ya mafundi. Aliyasema haraka haraka, kama mtoto anayetapika kilichomsumbua. Iolanda alianza kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia alianza kufoka.

"Miezi yote hiyo! Na mimi niko hapa na mikono yangu miwili!"

"Ungenifanyia nini? Ungenikaangia macho mapya?"

"Ningekushika mkono kwenye ngazi, mpumbavu wewe!" Akajifuta kwa aproni. "Sikiliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe utaumbuka pamoja na watu wa watu. Leo ni dirisha. Kesho utawaambia, piteni hapa, kumbe hapo ni maji. Wale nje ni wazee, Nicla. Wanakufuata kama vifaranga."

"Nikisema, nimekwisha, Iolanda. Unaijua nyumba yangu."

"Naijua. Kuna ukuta." Iolanda akamkung'uta unga begani. "Lakini ukiwaambia mwenyewe, umeondoka na miguu yako. Na kama kesho utapita hapa na wageni hujasema, nitawaambia mimi, kwa sauti, mbele ya dagaa. Tusilaumiane."

Bi Nicla akatoka. Aliwahesabu wageni wake kwa kuwagusa mabega, jambo ambalo wao walilichukua kuwa ni mapenzi, akawaongoza kwenye kituo cha mwisho.

Kituo hicho hufikiwa kwa lifti. Genova imejengwa kwa kupanda, na serikali ya mji huwainua watu wake kwa lifti kama ndoo kisimani. Unaingia kwenye tundu refu lenye vigae, unakaa kwenye benchi la mbao ndani ya kisanduku cha vioo, kisha unainuliwa kutoka kwenye giza na ubaridi hadi kwenye mwanga wa Castelletto, na mji wote unakuwa chini yako. Bi Nicla alikaa katikati yao, magoti kwa magoti. Lifti ikanguruma. Vigae vya ukutani vilianza kumchanulia maua makubwa ya manjano, moja baada ya jingine, na yeye aliyatazama akiwaza: hata haya, nikifungiwa ndani, yatapata wapi pa kuchanua?

Juu, kwenye kizuizi cha chuma, hotuba yake aliijua kama Salamu Maria. Miaka yote aliitoa akiwa amewatazama wageni, mgongo kwa mji, kwa sababu alipenda kuziona nyuso zao zinavyofunguka. Paa nyeusi hizi, minara ile, bandari ile, mnara wa taa kule kulia. Aliweza kuisema akiwa usingizini, hakuna ambaye angejua. Akavuta pumzi aianze.

Akageuka. Akakishika kile kizuizi kwa mikono miwili, akautazama mji wake, akasema:

"Jamani, mimi sioni."

Mmoja akacheka, akidhani ni mchezo mwingine.

"Hapana," akasema Bi Nicla. "Dirisha lile halikuwa mchezo. Sikujua limefunguliwa. Macho yangu yamekwisha katikati, na nimewatembeza leo kwa kukumbuka. Mngeweza kuumia. Naomba mnisamehe. Leo ni mara yangu ya mwisho, na nimefika hapa juu, na sijui niwaonyeshe nini."

Upepo ulipita. Kwa pembe ya jicho alimwona Gaudenzio akivua kofia. Aliyesema kwanza ni Teresina.

"Sasa kama huoni," akasema kwa sauti yake ya kivuko, "si utuulize sisi? Macho tunayo. Unataka kujua nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo mahali pale. "Kuna nini?" akasema.

"Kuna maji."

"Maji gani?"

"Mengi mno! Sisi kwetu yanakaa kwenye bonde na adabu zake."

"Kuna meli nyeupe inaondoka," akasema mwingine.

"Haiondoki, inaingia."

"Inaondoka, wewe, tazama povu liko nyuma!"

"Umeendesha mabehewa ya ng'ombe maisha yako yote, povu la meli unalijulia wapi?"

Na wakaendelea hivyo, wakikatizana, wakimsukumia mji mikononi vipande vipande. Mnara una ufa. Kuna bustani ya malimau juu ya paa, mtu angeamini? Kuna mama anaanika shuka, na mbwa wake amekamata ncha ya pili, hataki kuachia. Kuna mwanamume amesimama kwenye kibaraza hafanyi lolote. Bi Nicla alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hotuba yake ya miaka thelathini na minne ilikuwa na majumba ya kifalme na makardinali. Haikuwa na shuka hata moja wala mbwa. Alilia bila kujificha, na hakujua vizuri analilia nini, yale anayoyapoteza au yale ambayo hakuwahi kuyaonyesha.

Walipoishiwa maneno, Gaudenzio akasogea karibu naye.

"Na wewe, bibi? Hapo katikati, pasipoonekana. Ni peusi?"

Alisita. Zaidi ya daktari na Iolanda hakuna aliyekuwa anajua habari za ndoto zile.

"Si peusi," akasema. "Kuna meli."

"Ile nyeupe?"

"Siyo ile. Hii ni kubwa, ina matanga ya rangi ya machungwa. Haimo baharini. Inapita juu ya paa, polepole, kama inaogopa kuvunja vigae."

Hakuna aliyecheka. "Iko wapi?" akauliza Teresina, safari hii kwa sauti ndogo.

Bi Nicla akanyoosha kidole. Wazee kumi na wanne wakageuza vichwa kufuata kidole chake, kama wageni walivyogeuza siku zote. Naye akawaonyesha. Sauti ikamrudia, ile ya kazini, iliyonyooka, isiyo na haraka. Akawaeleza kamba zake, na taa zake zilizowashwa mchana, na abiria waliojaa ukingoni wamevaa vizuri kama watu wa harusi. Akawaeleza inavyokata kona kwenye mnara wa kanisa. Akawaeleza inavyofika pale penye shuka na kupita, na shuka lisitikisike.

"Wanatutazama?" Gaudenzio akauliza.

"Wanatutazama."

"Wanatupungia?"

Alitazama vizuri, kwa kutazama pembeni kidogo, ndiyo namna aliyobakiwa nayo. "Ndiyo," akasema. "Sasa hivi wameanza."

Wale walikuwa watu wa reli. Maisha yao yote hawakuwahi kuacha abiria apite bila kupungiwa. Gaudenzio alikuwa wa kwanza kuinua mkono, kisha Teresina, kisha wote, wakiipungia hewa tupu juu ya bandari ya Genova saa saba mchana. Bi Nicla akaivua kamba ya kitambulisho chake cha kazi shingoni, akaitia mfukoni, akainua mkono wake pamoja nao.